Mjuzi, Mjuvi na Mjuaji

Kitenzi kujua kimezaa majina matatu ya watu, nayo hayalingani kwa heshima. Mjuzi ni mwenye maarifa ya kweli. Mjuaji ni yule ajifanyaye kujua kila jambo. Mjuvi ni mjuaji aliyepungukiwa adabu: hudakia mazungumzo, huwasahihisha wakubwa, hutangaza elimu yake pasipo kuulizwa.

Asili ya tofauti hiyo yaonekana katika maumbo yenyewe. Mwishoni mwa mzizi wa kujua palikuwa na konsonanti iliyopotea, na kivuli chake kingalipo katika julisha na julikana. Mjuzi limeundwa kama mlezi kutokana na lea, au mtembezi kutokana na tembea. Mjuvi limefuata njia ya mgomvi, mlevi na mwivi. Ukoo mbaya kweli kweli, ingawa sauti yenyewe haina kosa. Mwivi na mwizi yameachwa yaishi pamoja kwa maana moja, lakini mjuvi na mjuzi yametenganishwa, moja likabeba sifa na jingine lawama. Mjuaji lina kiambishi -aji, kama msemaji na mchezaji, kimwonyeshacho mtu wa kulitenda jambo mara kwa mara. Yamkini dhihaka imeingia hapo, kwa kuwa ujuzi hauhitaji kutendwa mbele ya watu kila saa.

Jambo hili si la wanakamusi peke yao. Katika Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002, Wairaqw, Wagorowa, Wambugwe, Warangi na Wabarbaig huelewana kwa Kiswahili, ingawa lugha zao za nyumbani ni za jamii tatu zilizo mbali: Kikushi, Kibantu na Kinailoti. Neno la Kiswahili limnyamazishalo mtu mkutanoni humfikia kila mmoja. Nalo ujuvi ni neno litupwalo kutoka juu kwenda chini. Mzee humwambia kijana, ofisa humwambia mkulima. Mtaalamu amwagaye istilahi za kigeni mbele ya wanakijiji, hata wakanyamaza kwa kutoelewa, huitwa msomi. Hapo neno limekosewa matumizi, kwa maana kutangaza elimu pasipo kumfaa msikilizaji ndiyo hasa maana ya ujuvi.

Msitu wa Duru-Haitemba, katika vilima vya Wilaya ya Babati, watoa kipimo kizuri. Ni msitu wa miombo wa hekta zipatazo 9,000, unaozungukwa na vijiji vinane, Riroda, Gidas na Ayasanda vikiwamo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikusudiwa uwe hifadhi ya serikali, na mipaka ikapimwa. Wanavijiji walipinga. Kumpinga mpima mwenye ramani na vyombo vyake ni jambo ambalo kwa desturi huitwa ujuvi. Lakini watu hao walizijua chemchemi za msitu, malisho yake na njia za wakata miti. Walipokubaliwa kuutunza wenyewe, kuanzia mwaka 1994, walijiwekea sheria ndogo, wakaigawa sehemu ya kila kijiji na kuchagua walinzi kutoka miongoni mwao. Ukataji ovyo na uchomaji mkaa ukapungua, na miti ikaanza kuchipua upya.

Si kwamba elimu ya chuoni haikuwa na kazi. Wataalamu walioketi nao na kusikiliza ndio waliosaidia mipango hiyo iandikwe na ikubalike serikalini. Hao ni wajuzi, na hakuna aliyehitaji kutishwa kwa istilahi ili alitambue hilo. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Misitu, ambayo ndani yake hifadhi ya msitu ya kijiji ilipewa nafasi rasmi. Wakulima wa Duru-Haitemba walikuwa wakiitenda kazi hiyo kwa miaka ipatayo minane.