Ongwae Alifika Ulaya kwa Kupitia Shule. Kijana wa Modogashe Apitie Wapi?

Februari 2021, jijini Yaoundé, Kenya ilikuwa nyuma ya Angola na sekunde zikiyoyoma. Tylor Ongwae akachukua mpira, akaruka, akarusha. Ukaingia: 74-73. Wakati huo Angola walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11. Kwa ushindi huo timu yetu ya wanaume ilirejea AfroBasket, michuano ya Kigali, baada ya miaka 28.

Wengi walimjua siku hiyo. Kumbe tayari alikuwa akilipwa kucheza Ulaya, katika klabu ya Bakken Bears ya Denmark. Na hakutoka Nairobi moja kwa moja hadi huko. Alianzia vyuoni Marekani, kikiwemo Louisiana Monroe, ndipo klabu zikamwona. Mkenya anayetaka kulipwa kwa mpira wa vikapu anaweza kuanza kwa udhamini wa masomo.

Sasa tuje Modogashe. Vijana warefu wapo, hilo halina ubishi. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la viwanja vya michezo. Lakini kaunti ipi? Garissa na Isiolo zimevutania mpaka wa hapo miaka nenda miaka rudi. Malisho yanagombaniwa, kura zinagombaniwa. Uwanja wa vikapu sijasikia ukigombaniwa na yeyote.

Sakafu ya saruji na nguzo mbili za chuma ndani ya ua wa shule hazihitaji kusubiri mzozo huo uishe. Mvulana wa miaka 14 leo, mpaka ukija kuamuliwa, atakuwa ameshapita umri wa kutafutiwa chuo.