Kompyuta Elfu Moja na Kufuli Moja

Wapo watu wengi, hata miongoni mwa wasomi, wanaoamini kwamba kazi ya kompyuta ikichelewa dawa yake ni kununua kompyuta nyingine. Imani hiyo inaeleweka, kwani shambani mikono mingi humaliza palizi mapema. Lakini katika makundi makubwa ya kompyuta, ambayo siku hizi huendesha huduma nyingi za mawasiliano, biashara na utafiti, imani hiyo huweza kupoteza fedha bure. Mara nyingi kinachochelewesha kazi si uchache wa mashine, bali ni muda ambao mmoja hushikilia kufuli na wengine wakingoja. Ni maoni yangu kwamba jambo hili lafaa kufundishwa katika shule za sekondari, kwa kuwa hesabu yake haizidi uwezo wa mwanafunzi.

Kundi la kompyuta ni mashine nyingi, pengine maelfu, zilizounganishwa ili zifanye kazi kama chombo kimoja. Programu iitwayo mratibu wa kazi huamua kazi ipi ipelekwe kwenye mashine ipi. Mratibu huyo hutunza daftari katika kumbukumbu zake: kazi hii inangoja, ile inaendelea, nyingine imekwisha au imeshindwa. Wengi wanaweza kulisoma daftari hilo kwa wakati mmoja bila madhara. Kuandika ni jambo jingine. Sehemu mbili za programu zikiona kwamba mashine fulani ina nafasi moja, na zote mbili zikaandika bila kujuana, kazi mbili zitapewa nafasi moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo sababu huwekwa kufuli la kuandikia: anayetaka kuandika hulishika kwanza, na wengine hungoja mpaka aliachilie.

Tatizo hili si geni. Mtaalamu wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, alilieleza katika maandishi yake ya mwaka 1965, na mwaka 1971 Courtois, Heymans na Parnas wakachapisha ufumbuzi wa kuwapatanisha wasomaji na waandishi wa kumbukumbu moja. Miaka mingi baadaye tatizo lile lile lilijitokeza katika mratibu wa kazi aitwaye Aurora, aliyeanzishwa mwaka 2010 ndani ya kampuni ya Twitter huko Marekani, akakabidhiwa shirika la Apache mwaka 2013, na mradi wake ukafungwa mwaka 2020. Katika Aurora, kila badiliko lilipaswa kuandikwa katika daftari lenye nakala kwenye mashine kadhaa, na mashine zilizo nyingi kati ya hizo zikubali, kabla kufuli halijaachiliwa. Usalama ulipatikana, lakini foleni nayo ikapatikana.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kila mwandishi hushika kufuli kwa milisekunde 20. Basi, hata tukiwa na kompyuta elfu moja, maandishi hayawezi kuzidi 50 kwa sekunde. Yakifika maandishi 40 kwa sekunde bila mpangilio maalumu, kanuni ya kawaida ya foleni hutwambia tugawanye muda wa kazi kwa sehemu ya wakati ambayo kufuli huwa wazi. Hapa kufuli li wazi kwa asilimia 20, nasi twapata milisekunde 100 kwa kila andiko, pamoja na kungoja. Yakiongezeka kufikia 48 kwa sekunde, kufuli hubaki wazi kwa asilimia 4 tu, na muda huwa milisekunde 500. Kazi imeongezeka kwa sehemu moja ya tano, lakini kuchelewa kumezidi mara tano! Sasa tupunguze muda wa kushika kufuli uwe milisekunde 10. Kwa maandishi yale yale 48, kila moja litachukua kiasi cha milisekunde 19. Hatukununua mashine hata moja.

Madhara ya foleni hii huonekana hasa wakati wa msiba. Mashine nyingi zikizimika kwa pamoja, kila kazi iliyokuwamo humletea mratibu habari ya kuandikwa, na kila kazi hutafutiwa mahali pengine. Hapo kufuli hugombewa kuliko wakati wowote, na mratibu huchelewa saa ile ile anapohitajiwa zaidi.

Ziko njia mbili kuu za kupunguza ugombeaji huo. Ya kwanza ni kufanya hesabu ndefu nje ya kufuli. Mratibu asome hali ya mashine, achague mahali pa kuweka kazi, kisha ndipo ashike kufuli, ahakikishe kwamba nafasi ile bado i wazi, aandike na kuachilia. Akikuta imechukuliwa, atarudia hesabu yake. Kung na Robinson waliifafanua njia ya namna hii mwaka 1981, na wataalamu wa Google waliitumia katika mfumo wao uitwao Omega, ulioelezwa mwaka 2013. Njia hii hufaa pale ambapo migongano ni michache. Migongano ikizidi, jasho la kurudia kazi hula faida yote.

Njia ya pili ni kuandika kwa mafungu, nayo ilitumiwa na wahandisi wa Aurora. Tuseme katika zile milisekunde 20, mbili ni za kubadili kumbukumbu na 18 ni za kuandika katika diski na nakala zake. Maandishi kumi, moja moja, huchukua milisekunde 200. Yakifungwa pamoja, huchukua 20 za kubadili na 18 za kuandika, yaani 38 tu.

Watakuwapo watakaosema kwamba iko njia rahisi zaidi: mratibu ajibu “imeandikwa” kabla diski haijapokea kitu. Njia hiyo naipinga. Umeme ukikatika katika nukta hiyo, daftari litakuwa limesema uongo, na aliyeuamini ataendelea kujenga juu ya uongo huo. Andiko moja likingoja wenzake katika fungu, hilo ni kuchelewa kidogo. Daftari lisiloaminika ni hasara isiyo na mpaka. Wepesi wa haki hutokana na kufupisha kazi, si kuacha kuithibitisha.

Kwa hiyo nawashauri walimu wafanye jaribio hili darasani, hata pasipo na kompyuta. Liwekwe daftari moja na kalamu moja juu ya meza, na wanafunzi ishirini wapewe kila mmoja hesabu yake ya kuzidisha. Mara ya kwanza, kila mmoja afanye hesabu akiwa ameshika kalamu ile. Mara ya pili, ahesabu kwenye dawati lake na aje mezani kuandika jibu tu. Mara ya tatu, kila safu ikusanye majibu na kumtuma mmoja. Saa ya ukutani itatoa hukumu. Kisha wanafunzi waulizwe: kalamu ilikaa mikononi mwa kila mtu kwa muda gani, na kuongeza wanafunzi kungesaidia nini? Atakayejibu vema, siku akikabidhiwa fedha za umma kununua mitambo, atapima foleni kwanza kabla ya kufungua mfuko.