Kidonge cha wanaume kinakuja: sisi wababa tuko tayari?

Pita siku ya mafundisho ya kupanga uzazi kwenye kituo cha afya, iwe Goma, Bukavu ao Beni. Utakuta wamama wamejaa kwenye benchi, watoto mgongoni. Wababa utawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kama wapo.

Huko Marekani, watafiti wanatayarisha kidonge cha kuzuia mimba ambacho atakunywa mwanaume. Kinaitwa YCT-529, na hakina homoni hata kidogo.

Kinafanya kazi namna gani? Ili korodani zitengeneze mbegu, zinahitaji vitamini A. Mwili unaigeuza vitamini hiyo kuwa kitu kinachoingia ndani ya seli kama ufunguo kwenye kufuli, na hapo kazi ya kutengeneza mbegu inaendelea. Kidonge hiki kinaziba tundu la kufuli. Testosterone, homoni inayompa mwanaume ndevu, sauti nzito na hamu ya tendo la ndoa, haiguswi.

Kwa panya, dawa hiyo ilizuia mimba kwa 99%, na madume yaliweza kuzalisha tena wiki 6 baada ya kuiacha. Mwezi wa saba 2025, matokeo ya kwanza kwa watu yalitangazwa: wanaume 16 walishiriki na hakuna hatari kubwa iliyoonekana. Lakini watu 16 ni wachache, na jaribio lile lilipima usalama tu, si kuzuia mimba. Kwa hiyo, anayekuuzia kidonge hicho leo anakudanganya.

Kwa maoni yangu, kazi ngumu haiko kwenye maabara. Iko kwetu sisi wababa.

Mwaka 2011, jaribio la sindano ya homoni kwa wanaume zaidi ya 300 lilisimamishwa kwa sababu ya madhara, kama vile huzuni na kubadilika kwa hisia. Wengi wa wanaume wale walisema wangekubali kuendelea nayo. Ni wasimamizi walioona hatari ni kubwa. Sawa. Lakini bibi zetu wanavumilia kichwa kuuma, damu kutoka ovyo na hasira zisizo na sababu, mwaka baada ya mwaka. Wakilalamika, tunawaambia: « Vumilia, mama. »

Sheria ya inchi yetu namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 inaomba bwana na bibi wakubaliane juu ya njia ya kupanga uzazi. Wasipopatana, uamuzi ni wa yule anayehusika na njia hiyo. Hata hivyo, kuna wamama ambao bado wanaficha vidonge chini ya godoro kwa kuogopa bwana. Mtu anayefichwa dawa nyumbani mwake ajiulize kwa nini anaogopwa.

Wengine watasema: mwanamke gani ataamini bwana anayesema « nimekunywa dawa », wakati mimba atabeba yeye? Swali hilo ni la haki. Jibu lake halitatoka kwenye duka la dawa. Mwanaume aliyezoea kwenda na bibi yake kwa muganga, anayejua tarehe ya sindano yake na anayeuliza anavyojisikia, ataaminiwa. Asiyefanya hivyo, hata kidonge kije kesho, hakitamsaidia.

Tena hatuna sababu ya kungojea. Kapoti ipo, nayo inakinga hata ukimwi, jambo ambalo kidonge hiki hakitafanya. Kufunga mirija ya mwanaume kupo pia, kwa yule ambaye ameshapata watoto wa kumtosha.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimba inaletwa na watu wawili. Basi mzigo wa kuipanga usibaki kwa mmoja. Siku ijayo ya mafundisho, tukae na wamama kwenye benchi lile.