Kipaji Kilelewe Shuleni, Kisingoje Bahati

KATIKA mazungumzo ya wapenda michezo, Bariadi kama kwingineko nchini, jina la Hasheem Thabeet likitajwa hakosekani anayesema kwamba kijana huyo alipewa nafasi Marekani akashindwa kuitumia. Kauli hiyo si ya haki. Tena ina ubaya mwingine: inawaondolea wajibu walimu na watumishi wa umma wanaosimamia elimu na michezo.

Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221, alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na katika msimu wa 2008/2009 alipata wastani wa pointi 13.6 na kuzuia mitupo 4.2 kwa kila mchezo. Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Marekani, NBA.

Memphis ilikuwa timu inayojengwa upya. Msimu uliotangulia ilishinda michezo 24 tu kati ya 82. Timu ya namna hiyo humtaka mchezaji wa kati awe nguzo tangu siku anapofika, na Thabeet alikuwa bado mti mbichi. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini, na Februari 2011 akahamishiwa Houston. Miezi miwili baadaye Memphis iliwatoa San Antonio Spurs katika mtoano. Nyumba ilisimama, na nguzo yake ya kati ilikuwa Marc Gasol.

Gasol, raia wa Hispania, alichaguliwa wa 48 mwaka 2007. Lakini alikuwa amelelewa na klabu za kwao, akacheza na watu wazima kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia NBA. Mwaka 2013 alitangazwa mlinzi bora wa ligi hiyo. Wa 48 alimpita wa pili kwa sababu alikuja akiwa amekwisha kufundwa.

Mkulima wa pamba wa Simiyu analielewa jambo hili bila kufundishwa. Mbegu bora iliyopandwa kwa kuchelewa huambulia vitumba vichache, wala hakuna mwenye busara anayeilaumu mbegu.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, nao ungali unajengwa. Mpira wa kikapu umo katika mashindano ya UMISSETA, lakini mtoto wa Meatu au Itilima anayeliona goli la kikapu kwa mara ya kwanza akiwa sekondari anakaribia umri uleule alioanza nao Thabeet. Kosa litakuwa limekwisha kurudiwa.

Watasema wengine kwamba madawati na vitabu ndivyo vitangulie. Ni kweli, vitangulie. Lakini kiwanja kilichosawazishwa hakimnyang'anyi mtoto dawati. Wananchi waliokwisha kuinua kuta za madarasa kwa nguvu zao hawawezi kushindwa kusawazisha ardhi, na mafundi wa Bariadi wanaweza kuchomelea nguzo mbili na pete zake. Maafisa elimu hawana budi kuhakikisha kwamba kila ramani ya shule mpya ya msingi ina kiwanja ndani yake, kwa maana ardhi isiyotengwa leo haitapatikana kesho. Walimu nao wakiheshimu kipindi cha michezo kama wanavyoheshimu cha hesabu.

Thabeet alicheza NBA misimu mitano, hadi 2014, kisha Japani na Taiwan. Kwa aliyeanza kwa kuchelewa, hiyo ni kazi ya heshima. Kijana mwingine wa aina yake akitokea Maswa au Busega, swali la kwanza lisiwe amefika wapi, bali alianza kufundishwa akiwa darasa la ngapi.