Kizimbani, mapaa ya bati na somo la kimbunga cha 1872

KIMBUNGA Hidaya kilipotua Mafia Mei 4, 2024, Unguja ilinusurika na kitovu chake. Haikuwa hivyo Aprili 15, 1872, enzi za Sultani Barghash. Siku hiyo kimbunga kiliangamiza vyombo bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kisiwa ambacho Kizimbani ni miongoni mwa mashamba yake ya mwanzo ya zao hilo. Pemba, ambayo haikuumia sana, ikashika uongozi wa karafuu hadi leo.

Kizimbani ya sasa inajulikana kwa utafiti wa kilimo na kwa watalii wa viungo. Lakini kilicho hatarini kisiwani leo si mikarafuu pekee, bali pia nyumba za matofali zilizoezekwa bati.

Wengi hudhani upepo huling'oa paa kwa kulisukuma. Ukweli ni kwamba hulinyonya. Mtumbwi mwembamba hupasua maji, nayo yakaungana taratibu nyuma yake. Nyumba yenye pembe kali haina bahati hiyo. Upepo hugonga ukuta, hupanda, na ukifika ukingoni mwa paa hushindwa kukata kona. Hujitenga na bati na kuzunguka kama maji nyuma ya nguzo ya gati. Hapo mkandamizo wa hewa hushuka, bati likavutwa juu. Dirisha la upande wa upepo likifunguka, hewa iliyoingia ndani nayo husukuma kutoka chini.

Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne. Upepo wa kilomita 72 kwa saa una mkandamizo wa kilo 24 hivi kwa kila mita ya mraba. Wa kilomita 144, karibu kilo 100. Kingoni mvuto huweza kuzidi hapo. Bati jembamba lina kilo chache tu kwa eneo hilo, na jiwe au tairi kuukuu lililowekwa juu yake ni faraja zaidi kuliko kinga.

Makuti, yanayodharauliwa mjini, angalau hupitisha hewa kidogo, hivyo tofauti ya mkandamizo hupungua. Kwa bati, paa la migongo minne hustahimili kuliko la migongo miwili. Misumari iongezwe kingoni na pembeni, si katikati, na kenchi zifungwe kwa vyuma hadi kwenye lenta ya ukuta. Kazi hiyo ni nafuu wakati wa kuezeka; baada ya hapo, fundi atalazimika kufumua paa.