Mifupa mikavu si yako peke yako

Wacha nianze na kitu ambacho nimekificha muda mrefu. Mwaka jana nilikuwa nimekaa karibu miaka miwili bila kazi, nikaenda kesha moja hapa Nairobi. Mhubiri akafungua Ezekieli sura ya 37, lile bonde la mifupa mikavu. Akasema kila mtu aitabirie mifupa yake: kazi, ndoa, viza, biashara. Halafu akasema mbegu ya unabii ni shilingi 2,000. Kwa M-Pesa nilikuwa na 2,300, pesa niliyokuwa naweka kidogo kidogo ya kodi ya nyumba. Nikatuma.

Kazi haikuja. Sisemi hivi kumkejeli mtu. Nasema kwa sababu baadaye, nikiwa na hasira, nilirudi kuisoma hiyo sura mwenyewe polepole, na nikagundua kwamba usiku ule tuliisoma nusu tu.

Ezekieli alikuwa kuhani. Alipelekwa uhamishoni Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Mwaka 586 Yerusalemu ikaharibiwa na hekalu likachomwa. Sasa fikiria kuhani, mtu ambaye sheria ilimkataza kujinajisi kwa maiti, anatembezwa katikati ya mifupa iliyotapakaa bila kuzikwa. Hiyo haikuwa picha ya kuchangamsha kesha. Ilikuwa picha ya aibu na msiba.

Na mifupa ni nani? Hatuhitaji kukisia, maana mstari wa 11 unatuambia: ni nyumba yote ya Israeli. Watu wazima, wanakula na kulala, lakini tumaini lao kama taifa limekwisha. Si mfupa wa biashara ya Fulani. Ni watu wote.

Halafu kuna kitu tunakiruka haraka sana. Mifupa inasogeleana, inapata mishipa, nyama na ngozi, lakini bado ni maiti. Pumzi haijaingia. Hapo ndipo naona kanisa letu la leo. Vyombo vya muziki tunavyo, spika kubwa tunazo, jengo linapanda kila mwaka. Mwili uko sawa kabisa. Pumzi je?

Na sura haiishii hapo. Kuanzia mstari wa 15, Ezekieli anaambiwa achukue vijiti viwili, kimoja cha Yuda na kingine cha Yusufu, avishike viwe kimoja mkononi mwake. Yaani ndugu waliogawanyika kwa karne nyingi warudi kuwa taifa moja. Hivyo vijiti sijawahi kusikia vikihubiriwa kwa kesha yoyote, na hapa Kenya ndivyo tunavyovihitaji zaidi. Tunasali pamoja Jumapili, lakini uchaguzi ukikaribia kila mfupa unarudi kwa kabila lake. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisani kule Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo humo ndani. Nchi ambayo wengi wetu tunajiita Wakristo. Tukisahau hiyo, tutatabiri nini?

Najua kuna mtu ataniuliza: kwani Mungu hajali shida yangu binafsi? Anajali sana. Lakini bondeni hakuna mfupa uliofufuka peke yake ukaenda zake. Walisimama pamoja, jeshi zima.

Mwezi ule niliokosa kodi, walioniokoa ni watu wanne wa kikundi chetu cha maombi hapa mtaani. Mmoja ni mama mboga, na sisi hata si kabila moja. Walichanga wakanilipia nyumba, na hakuna aliyeniambia nipande mbegu. Siku hiyo ndiyo nilielewa mfupa kusogea kwa mfupa mwenzake maana yake nini.

Kwa hivyo ukiambiwa tena utabirie mifupa yako, tabiri, hakuna ubaya. Lakini kwanza geuka uangalie uliyekaa naye kiti kimoja. Unajua kama amelipa kodi?