Ada, Jina la Chuo na Shamba la Ukoo

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, walimu wa vyuo vya tiba hupokea simu nyingi za kuombwa ushauri. Mwaka jana walionitafuta hawakupiga simu. Walikuja wenyewe, mama mmoja na kaka yake, wameshuka Morogoro kutoka Matombo kwa gari la alfajiri. Binti wa mama huyo alikuwa amefaulu masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, lakini si kwa alama za kumhakikishia nafasi katika chuo cha umma. Chuo kimoja binafsi kilikuwa tayari kumpokea asomee udaktari. “Mwalimu,” alisema mjomba, “tumeambiwa chuo hicho kina jina kubwa. Je, tuuze shamba?”

Swali hilo si la familia moja, na ndiyo maana nalijibu hadharani.

Kwa Waluguru, shamba kwa desturi si mali ya mtu mmoja. Ardhi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana kauli nzito juu yake. Migomba, mikarafuu na midalasini ya miteremko ya Uluguru imelisha vizazi vilivyopita, na inatarajiwa kuwalisha wadogo wa binti huyo na watoto watakaozaliwa baadaye. Anayeuza kipande cha ardhi ili alipe ada anatumia haki ya watu wengi. Uamuzi wa namna hiyo unadai sababu nzito kuliko sifa ya jina.

Tuanze na gharama. Shahada ya udaktari wa tiba huchukua miaka mitano, kisha hufuata mwaka mmoja wa utarajali. Ada ya masomo hayo katika vyuo binafsi huwa mara kadhaa ya ile ya vyuo vya umma. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mzazi kupiga hesabu ya mwaka wa kwanza peke yake, akiamini kwamba miaka mingine itajijua yenyewe. Husahau malazi, chakula, vitabu, vifaa, nauli na uwezekano wa kurudia mwaka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi, lakini mkopo huweza usifikie ada yote. Nao ni deni, kwa kuwa mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Familia inayouza shamba ikamudu miaka miwili, kisha ikakwama mwaka wa tatu, hupoteza shamba na shahada kwa pamoja.

Na jina, je, hununua nini? Katika taaluma yetu hununua kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mhitimu wa chuo cha umma na wa chuo binafsi husajiliwa na Baraza lilelile la Madaktari Tanganyika, na wote wawili wakiajiriwa na Serikali huanza katika ngazi moja ya mshahara. Jengo la vioo na joho la mahafali havimwongezei daktari hata shilingi moja, wala havimfundishi kumwokoa mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua.

Sisemi kwamba vyuo vyote ni sawa, wala kwamba chuo binafsi ni cha kuepukwa. Nafasi za vyuo vya umma hazijawahi kutosheleza wenye sifa, na taifa lina deni la shukrani kwa taasisi zilizoziba pengo hilo. Chuo Kikuu cha Kairuki kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1997. Vyuo vya tiba vya KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza hufundishia katika hospitali kubwa za rufaa zilizofunguliwa mwaka 1971. Mkoani mwetu, chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Fransisko kiko jirani na hospitali ya rufaa ya jina hilo, katika mji wa Ifakara, ambako utafiti wa magonjwa ya kitropiki umefanyika tangu miaka ya 1950. Udaktari hufundishwa na wagonjwa, chini ya jicho la mwalimu. Hicho ndicho cha kununua, pale inapobidi kununua.

Basi mzazi aulize maswali haya kabla ya kulipa hata ada ya maombi. Je, chuo na programu yenyewe vina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu? Hospitali ya kufundishia ina vitanda vingapi, na wanafunzi wangapi hukizunguka kitanda kimoja? Walimu wa kudumu ni wangapi? Walioanza miaka mitano iliyopita, wangapi wamemaliza? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: chuo kinachojibu kwa matangazo badala ya takwimu kimekwisha kujibu. Tukumbuke kwamba mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo vikuu 19 kudahili wanafunzi wapya. Jina haliwi kinga.

Iko pia njia ambayo wengi huiona kuwa ya aibu, nami naiona ya heshima: stashahada ya utabibu ya miaka mitatu, ambayo hutolewa hata Kilosa. Tabibu anaweza kufanya kazi, akajiwekea akiba, kisha akaomba shahada ya udaktari akiwa na sifa zinazotakiwa. Katika vijiji vingi vya milimani, tabibu ndiye “daktari” pekee ambaye watu wanamfahamu.

Nilimwambia mjomba hivi: mavuno yauzwe, ardhi ibaki. Ikiwa mkopo, karafuu na michango ya ukoo vinaweza kubeba miaka yote mitano, na chuo kimejibu maswali vizuri, binti aende akasome. Ikiwa haviwezi, mwaka mmoja wa subira au njia ya stashahada si kushindwa. Mkarafuu wenyewe huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, na hakuna mkulima anayeukata kwa sababu jirani yake amewahi kuvuna.

Kisha niliwauliza walichosahau: binti mwenyewe anasemaje? Mama alimtazama kaka yake. Hawakuwa wamemuuliza. Walirudi Matombo na maswali yangu kwenye karatasi, na hilo la mwisho niliwaandikia juu kabisa.